Mstari wa Pili

Yeye ndiye aliyeiona. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta soksi chini ya kitanda, kuinuka nikamkuta ameishika kwa vidole viwili, anaikagua dirishani.

"Hii kondomu si imepasuka?"

Tulikuwa Morogoro, tumetoka harusini kwa rafiki yetu, tumelala gesti si mbali na stendi ya Msamvu. Hadi saa hiyo nilikuwa najua jina lake, najua kwamba anauza mitumba ya watoto, na kwamba singeli anaicheza kunizidi. Hali yake ya VVU sikuijua. Na yangu vilevile sikuijua, ndiyo maana jasho lilinitoka kabla hata jua halijachomoza vizuri.

Kwenye basi la kurudi Dar nikaanza kuugua. Chalinze nilikuwa na homa. Mlandizi tezi za shingo zimevimba, nazipapasa mpaka abiria wa pembeni akahamisha mkoba wake. Kibaha upele ukatokeza mkononi. Kufika Mbezi nilikuwa nimeshagawa urithi: friji kwa mdogo wangu, godoro kwa mama, madeni kwa mjomba.

Jumatatu kazini nikamnong'oneza fundi mwenzangu. Sisi tunatengeneza viyoyozi, kwa hiyo yeye kila ugonjwa anautazama kama gesi iliyovuja. Akanishauri ndimu, kitunguu swaumu na kujikojoza mara kwa mara. Kisha akahuzunika.

"Ingekuwa 2011 ningekupeleka Loliondo kwa Babu. Kikombe cha dawa yake shilingi 500 tu, magari yamepanga foleni porini. Mjomba wangu alikunywa."

"Akapona?"

"Yeye alikuwa anaumwa mgongo."

"Sasa huo mgongo?"

"Unamuuma mpaka leo."

Mchana mwenzangu wa Morogoro akanipigia simu. Nilidhani ananisalimia. "Umeshaenda hospitali? Kuna dawa kinga, PEP, lakini mwisho saa 72, na ukiwahi ndiyo bora. Mimi nimeanza jana jioni." Nikakata simu, nikafungua kikokotoo, nikahesabu saa kwa kidole kinachotetemeka. Zilikuwa zimebaki. Bodaboda aliniuliza kama namkimbiza mgonjwa, nikamwambia mgonjwa umempakia.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi kifuani. Alisikiliza habari zote, pamoja na ile ya tezi za Mlandizi, bila kupepesa. Akasema kabla ya dawa lazima anipime kwanza. Akashika kidole changu, akakifuta kwa spiriti. Nikapiga ukelele.

"Hiyo ni pamba, baba."

"Samahani, dada."

"Julai 2007 Rais Kikwete alipimwa Mnazi Mmoja mbele ya kamera, na Mama Salma pembeni. Hakuna aliyelia. Wewe unalia kwa pamba."

Majibu yakatoka, sina maambukizi. Nilikuwa nimeshasimama nimkumbatie, akanirudisha kwenye kiti kwa jicho tu. "Kipimo hiki hakina habari za juzi. Kinatafuta kingamwili, na mwili hauzitengenezi kwa usiku mmoja. Dawa ni siku 28, kidonge kimoja kila siku saa ileile, usiruke. Jibu la kukutoa wasiwasi utalipata baada ya miezi mitatu. Na hivyo vitunguu swaumu unavyonuka, acha. Wenzako nje wanapumua."

Dawa yenyewe haikunisumbua sana, kichefuchefu kidogo mwanzoni. Shida ilikuwa chupa. Ile chupa ukiigusa inalia kama kayamba, na mimi napanga kwenye nyumba ya vyumba saba, choo kimoja na masikio yasiyo na idadi. Kila saa tatu usiku nilikuwa naongeza sauti ya redio kwanza, ndipo nafungua. Baadaye nikashindilia pamba ndani, kayamba likanyamaza. Saa hiyohiyo mwenzangu alikuwa akipiga: "Umemeza?" Nami: "Nimemeza, wewe?" "Nimemeza." Mapenzi mengine huanza kwa maua, sisi tulianzia hapo, na maongezi yakawa yanarefuka kila usiku.

Vidonge vikaisha. Miezi mitatu haikuisha. Kila nikitazama kalenda nakuta ni mwezi uleule. Siku moja stendi nikakutana na wahudumu wa afya wanagawa vipimo vya kujipima mwenyewe, vile ambavyo sheria ilivifungulia njia mwaka 2019. Nikachukua kimoja kwa niaba ya rafiki, yule rafiki ambaye kila mtu anaye.

Usiku nikajifungia. Maelekezo ni rahisi, yana na picha: pitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, kichomeke kwenye kichupa chenye maji, subiri dakika 20. Usisome baada ya dakika 40. Mstari mmoja penye C, huna. Mstari wa pili ukitokea penye T, hata ukiwa hafifu, kapime kituoni. Nikakaa kitandani natazama kijiti, kijiti kinanitazama. Umeme ukakatika.

Simu ilikuwa na asilimia mbili. Nikawasha tochi, ikamulika mara moja kwa heshima ya mwisho, ikazima. Nikapapasa kibiriti, hakuna. Nikakaa gizani na majibu yangu mkononi, muda unakwenda, mpaka nikaona mwanga koridoni. Ni taa ya sola ya bibi mwenye nyumba. Nikatoka, nikainama karibu na ile taa, nikakodoa macho. Mmoja upo. Wa pili... upo? Haupo?

"Nani anachezea taa yangu?"

Bibi alishakifikia kijiti kabla sijakificha. Akakiinua. Uso ukamnawiri.

"Kipimo cha mimba! Umempa nani mimba?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, umempa nani? Jamani, tokeni! Mjukuu wangu anatarajia!"

Milango saba ikafunguka. Ningeweza kukanusha, lakini nikanushe niseme nini? Halafu, na hili sikuwahi kumwambia mtu, nilikuwa nayahitaji yale macho. Yangu yalishagoma. Nikauliza kwa sauti iliyopasuka katikati: "Kwani nyinyi mnaona mistari mingapi?"

Mwalimu akataka kwanza tukubaliane kanuni. Mmoja maana yake nini, miwili maana yake nini? Bibi akasema miwili mtoto, mmoja jaribu tena. Kijiti kikazungushwa. Yule Mpemba wa dukani akakisogeza puani, akakipeleka mbali, akakirudisha.

"Mie naona mmoja na nusu."

"Hiyo nusu ndiyo mtoto mwenyewe," bibi akasema. "Mimba changa huanza hivyo, haiji na vyombo vyote siku moja."

Nikaushika ukuta. Mwalimu akaitisha kura za mikono. Kijana wa bodaboda hakusubiri kura: "Miwili kabisa hii! Hongera kaka!" Akanipa mkono, akautikisa, akanikumbatia. Nikapokea pongezi za ule mstari mbele ya mashahidi, magoti hayana nguvu, na mwalimu akiniambia baba lazima awe jasiri.

Ndipo akatoka dada wa saluni, khanga kifuani, usingizi usoni. Akakichukua, akakigeuza nyuma, akasoma herufi. Akanitazama. Nikajua amejua.

"Mstari mmoja," akasema. "Hakuna kitu hapo. Kalaleni."

"Wewe una mtoto hata mmoja?" bibi akamuuliza.

"Sina."

"Basi nyamaza."

Watu walipotawanyika dada akapita mlangoni kwangu. "Umekisoma baada ya muda gani?"

"Inafika kama saa nzima."

"Basi ulichosoma ni uchafu. Muda ukishapita kinaweza kukuchorea hata ramani ya Tanzania. Nenda ukachomwe kidole." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Na wakiwa navyo vingine, nichukulie kimoja. Usiniulize."

Siku ilipofika mwenzangu alikuja kwa basi la alfajiri, tukaenda kwa nesi wetu pamoja. Safari hii kwenye pamba nilinyamaza, nikaguna tu kwenye sindano. Nesi akatupa majibu yetu, yangu hasi, yake hasi, akauliza kama tunaendelea pamoja. Tukatazamana. Akatusukumia boksi la kondomu, akamfundisha kila mmoja wetu upya: acha nafasi kwenye ncha, toa hewa, usitumie mafuta ya nazi. Hapo kwenye mafuta ya nazi mwenzangu alinikanyaga mguu.

Tukarudi kwangu na njaa ya watu walioamka usiku. Mlangoni bibi yupo, kanga mpya, kiti kimeshaandaliwa.

"Karibu mwanangu, pole na safari. Kaa, usisimame sana." Mbele yake sinia la maembe mabichi, chumvi na pilipili, na kifuko cha udongo wa kula, vile vitofali vya sokoni.

Nikajaribu kumkonyeza mwenzangu. Hakuniona, alishaanza maembe. Tangu Morogoro hajatia kitu tumboni. Akala kipande, akala kingine, akachovya, akasaga, akafyonza kokwa, akalamba pilipili vidoleni, sinia likabaki jeupe. Halafu kwa adabu tu, maana bibi alikuwa amemnyooshea, akavunja kitofali cha udongo akatia mdomoni.

Bibi akanigeukia polepole.

"Mstari mmoja na nusu, eti?"

"Bibi, ngoja nikueleze..."

"Hakuna cha kunieleza. Kodi ya chumba kuanzia mwezi ujao inapanda. Mtakuwa watatu."