Deni la Ulaya lina tarehe, deni la Wete lina sura ya mtu

Assalamu alaykum jamani. Leo nataka niseme jambo ambalo sie tuliko nje hatupendi kulisema, na nyie mliko nyumbani mnalikalia kimya vilevile, nalo ni madeni ya ndani ya nyumba. Siyo deni la taifa, siyo la biashara kubwa, nasema lile la sukari, la ada, la gari, la sare ya harusi.

Mie niko Uingereza mwaka wa kumi na nne sasa, mji mdogo tu kaskazini ya London, kazi yangu kea, nalea wazee, shifti za usiku nne kwa wiki, na mume wangu anaendesha gari la kusambaza mizigo. Watoto watatu. Januari 2023 nimerudi kazini alfajiri hata buibui sijavua nikakaa mezani jikoni nikachukua daftari la skuli la mwanangu nikaandika kila tunachodaiwa. Kadi ya mkopo ya kwanza paundi 2,800, kadi ya pili 1,950, mkopo wa gari 4,600, kaunsili, yani kodi ya serikali ya mtaa, 870, vitu vya katalogi vile unalipa kidogo kidogo 680, na paundi 500 za dada mmoja wa Kipemba alotukopesha mkononi siku mtoto anaumwa. Nikajumlisha ikatoka 11,400. Nikajumlisha tena mana nilidhani nimekosea. Sikukosea.

Ajabu ni kwamba hakuna hata siku moja tuliokaa na mume wangu tukasema tunakopa elfu kumi na moja. Huku deni linaingia nyumbani kama vumbi, hulioni mpaka upitishe kidole. Ile kadi ya 2,800 riba yake ilikuwa asilimia 24.9 kwa mwaka, kila mwezi wananambia lipa kiwango cha chini kama paundi 80, na mie nalipa kwa wakati najiona mtu mwaminifu kabisa, kumbe kwenye ile 80 kama 52 zinaliwa na riba na deni lenyewe limeshuka 28 tu. Ishirini na nane! Miaka miwili nalipa hivyo na sikuwahi kukaa nikapiga hesabu. Huku hakuna atakaekugongea mlango mwanzoni, barua tu, tena ya adabu, Dear nani na nani, ukiichelewesha kaunsili inakupa siku 7, ukipitisha hizo haki yako ya kulipa kwa mafungu inaondoka wanataka mwaka mzima kwa pamoja, halafu mahkamani, na gharama za mahkama unabandikwa wewe juu ya deni. Halafu ukishindwa kabisa jina lako linaandikwa vibaya kwenye kumbukumbu za mikopo miaka 6. Lakini baada ya miaka 6 linafutika. Yani deni la huku lina namba, lina tarehe ya kuanza na lina tarehe ya kufa.

Sasa njoo kwetu Wete, Pemba.

Mama yangu alikuwa anachukua vitu kwa ami mwenye duka mtaani, tangu mie mdogo. Mchele, unga, mafuta, sukari, boflo la asubuhi. Ami anaandika kwenye daftari lake, mama haandiki popote. Hakuna riba, hakuna barua, hakuna siku 7. Hata hakudai, anakutazama tu wakati unapita, na kule kutazama ndo kunatosha. Mama akabadilisha njia ya kwenda sokoni. Mwanamke wa miaka sitini na kitu anazunguka nyuma ya msikiti na magoti yake mabovu ili asipite mbele ya duka la mtu ambae wanaheshimiana toka ujana. Nani ataandika hilo kwenye kumbukumbu za mikopo na litafutika baada ya miaka mingapi?

Na hapa ndo penye hoja yangu hasa. Nilivokuja kujua deni la mama lilikuwa laki nne na themanini elfu nikashtuka, mana mie kila mwezi natuma. Paundi 150, mwezi mwengine 200, mwezi wa Ramadhani zaidi. Nikauliza vipi, mbona kabla sijaondoka deni halikuwa likizidi elfu thelathini? Kaka yangu akanambia kwa upole kabisa, zamani ami alikuwa anasema basi bibi mwisho hapa lipa kwanza, siku hizi anasema chukua tu mwanao si yuko Ulaya. Nikakaa kimya kwenye simu. Kumbe rehani ni mie. Yani kule kuwepo kwangu huku ndo kulifungua mlango wa kukopa, nikituma laki nne watu wanakopa kama vile natuma milioni, na mie huku nakopa kwenye kadi ili niweze kutuma hizo laki nne. Pande mbili za bahari tunakopa kwa sababu ya sura tuliojengeana, wao wanaamini mie ninazo, mie naona aibu kusema sina.

Ndo mana nasema hizi nasaha za kuweka malengo ya kulipa madeni ambazo zimejaa onlaini, andika lengo lako, bandika kwenye friji, jinyime kahawa, kwetu sie haziendi mbali. Nilijaribu 2021. Nikajiwekea lengo mwenyewe moyoni, paundi 500 kwa mwezi, sikumwambia mtu hata mume wangu nilimwambia nusunusu. Mwezi wa kwanza nikafanikiwa, wa pili nikafika 300, wa tatu ikaja harusi ya binti wa khalati yangu, sare kanga na kitambaa cha gauni, mchango wa sanduku, na mie ndo wa Ulaya siwezi kutoa sawa na wengine. Lengo likafa pale. Kukopa harusi kulipa matanga, wazee walishasema, na mie nilikuwa nayasikia toka utotoni. Lengo la mtu mmoja haliwezi kulipa deni la nyumba ambayo hawajui kama kuna lengo.

Kwa hiyo 2023 nilifanya kinyume. Nilimpigia mama, video, nikamuonesha lile daftari. Nikamsomea namba moja moja na nikamgeuzia kwa shilingi. Akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Kumbe na nyie mnakopa? Basi mbona hukusema, mwanangu, mie nikidhani ukituma kidogo umenisahau." Wallahi tulilia wote wawili. Halafu nae akanambia ya kwake yote, ya ami dukani, ya bi jirani elfu sitini, ya dawa.

Najua kuna watakaosema mzazi haambiwi shida, unamtia presha. Mie naheshimu lakini sikubaliani nao tena. Presha mama alishakuwa nayo, alikuwa anazunguka nyuma ya msikiti! Kilichokuwa hakipo ni hesabu.

Na jamani hili la kuandika siyo la kizungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumza nini? Kuandika deni. Mkikopeshana kwa muda maalumu basi liandikeni, muandishi awepo, mashahidi wawepo, wala msichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Tumeihifadhi madrasa, tunaisoma kwa tajwid, halafu tukikopeshana tunaona mtu akitaka karatasi amekutukana, ati hukuniamini. Huku wasioijua hiyo aya wanaandika mpaka senti. Hapo mie naona wao wametuzidi kwa kitu ambacho ni chetu.

Ila kuna pahala sie tumewazidi na nataka niseme kwa haki. Aya mbili kabla ya hiyo, ya 280, inasema mdaiwa akiwa na dhiki basi apewe muda mpaka afarijike, na mkisamehe ni bora kwenu. Huku England na Wales ni mwezi wa Mei 2021 tu ndo serikali imeanzisha mpango wa kumpa mtu siku 60 za kupumua, yani ukipitia kwa mshauri wa madeni wadai wako wengi wanatakiwa wasimamishe riba na ufuatiliaji kwa hizo siku. Ni jambo zuri na mtu yoyote aliko huku anaezama aende Citizens Advice au StepChange, mashirika ya ushauri wa madeni, ni bure, asione haya. Lakini ami wa Wete alimpa mama muda miaka, bila sheria.

Baba yangu alipofariki 2016 sikuwahi maziko, nilisikiliza kwa simu kaka ameiweka mfukoni. Kabla ya kuondoka na jeneza ami yangu mkubwa alisimama akasema, kama kuna mtu anamdai marehemu aje kwetu sie jamaa zake, na kama kuna aloweza kusamehe asamehe. Baadae wakaja wawili. Mmoja anadai laki moja na nusu za matofali. Mwengine alimpa baba pesa za kiangazi ili walipane karafuu zikianza, msimu ukaja mbaya, na huyo akasema mie nilikuja kusema tu kwamba nimesamehe. Hawa ndo watu wangu. Lakini ile ya matofali hakuna aloijua, hata mama hajui, baba aliibeba peke yake. Pemba hadithi ya karafuu na deni ni ya zamani, toka miaka ya 1930 wenye mashamba walikuwa wamezama kwa waliowakopesha mpaka serikali ya mkoloni ikaingilia kwa sheria 1934, na bado leo mtu anakula pesa ya karafuu zingali juu ya mti, zikichumwa na kulipwa wachumaji pishi zao, yeye mwenye shamba anabaki na makonyo, vile vijiti vitupu vya karafuu.

Haya, tulivofanya. Tuliweka miaka mitatu, paundi 320 kila mwezi, mimi na mume wangu tumetia saini kwenye daftari kama watoto. Kutuma nikashusha mpaka 110 lakini haipungui haizidi, inafika tarehe 3, mama anajua. Mama na ami wakafungua daftari pamoja, elfu arubaini kila mwezi kwenye deni la zamani na hakuna kuchukua kipya isipokuwa mchele, na huo unalipwa mwezi huohuo. Ami alifurahi kuliko sie, akasema bibi miaka yote hii nilikuwa naona haya kukwambia.

Wa kwanza kulipwa ilikuwa kaunsili kwa sababu ya mahkama. Wa pili, na hapa wataalamu watanipinga, ni yule dada wa paundi 500. Wanasema anza na lenye riba kubwa, ni kweli kwa hesabu, lakini mie nilikuwa nakwepa kwenda maulidi ya wenzetu kwa sababu yake, kama vile mama na msikiti. Nikamlipa kwa miezi miwili nikalala usingizi. Halafu ndo kadi ya 24.9. Mwaka huohuo Benki Kuu ya huku imepandisha riba mpaka asilimia 5.25 mwezi wa Agosti, mwenye nyumba nae akaongeza kodi, tukayumba miezi mitatu tukalipa 200 badala ya 320. Tukaandika pia, mwezi mbovu nao unaandikwa.

Vijana wa nyumbani nawaogopea kwa mikopo ya simu. Mpwa wangu alikopa elfu hamsini kwenye apu, akachelewa wiki moja, wakatuma meseji za kumdhalilisha kwa kila mtu aliko kwenye simu yake mpaka mwalimu wake. Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitangaza orodha ya apu za mikopo zisizokuwa na leseni, tazameni hiyo orodha kabla hamjabonyeza. Hizi ni mbaya kuliko ami na mbaya kuliko kadi ya huku, mana zina riba ya Ulaya na aibu ya nyumbani kwa pamoja. Ukilazimika bora upatu wa wanawake wa mtaani au nenda PBZ, ile Benki ya Watu wa Zanzibar, upande wao wa Kiislamu uulize.

Deni la dukani la mama limekwisha, ami alipiga mstari ukurasa mzima na kaka akanitumia picha kwa WhatsApp, na mama anapita mbele ya duka. Letu limebaki paundi 1,900, la gari tu. Kinachonitisha sasa ni Ramadhani na Idi, mana hapo ndo nyumba nyingi za kwetu zinarudi kwenye daftari, futari, nguo za watoto, viatu. Safari hii tumeanza toka Mfunguo Mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani, mama anaweka elfu ishirini kila mwezi kwa bi jirani, yuleyule alokuwa anamdai, na mie naweka paundi kumi kwenye bati la maziwa juu ya kabati. Jana mama kanambia zimeshafika laki na arubaini, anauliza viatu vya watoto anunue sasa Darajani akipata mtu wa kwenda Unguja au asubiri Shaaban. Nimemwambia anunue sasa.