Mkono wa mpasuaji unapimwaje?

Kwa miaka mingi, umahiri wa mikono ya mpasuaji ulithibitishwa kwa neno la mtu mmoja. Profesa alisimama naye mezani, akamtazama akishona, na mwisho wa mafunzo akaandika kwamba anafaa. Mtihani wa karatasi ulipima kichwa. Mikono iliachiwa mkuu wa idara.

Richard Reznick, mpasuaji wa utumbo mpana wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, hakuridhika na hilo. Mtihani wa vituo ulikuwa umeshabuniwa: Ronald Harden na wenzake waliueleza mwaka 1975 huko Dundee, Uskoti. Watahiniwa wote hupita vituo vilevile, kila kituo na kazi yake na mtahini wake, kwa muda uleule. Miaka ya 1990 Reznick na wenzake wakaupeleka kwenye upasuaji wenyewe: kuunga utumbo, kufunga tumbo, kila kazi kwa dakika 15, juu ya vifaa vya mazoezi badala ya mgonjwa. Mtahini alijaza fomu mbili. Moja ni orodha ya hatua, amefanya au hakufanya. Nyingine ni alama 1 hadi 5 kwa mambo kama upole wake kwa nyama ya mwili, au mikono inayotapatapa.

Nguvu ya orodha ni haki. Anayefeli huonyeshwa alipokosea, na hakuna wa kusema alichukiwa. Lakini mwaka 1998 Glenn Regehr, Reznick na wenzao walilinganisha fomu hizo, wakakuta ile ya alama za jumla, ikijazwa na wapasuaji wazoefu, inapambanua viwango vizuri kuliko orodha. Mwaka uliofuata Brian Hodges na wenzake, wakipima mahojiano ya wagonjwa wa akili, walikuta madaktari wazoefu wanapata alama chache za orodha kuliko wanafunzi. Mzoefu huuliza machache akafika penye ugonjwa. Orodha humwadhibu kwa alichokiruka.

Je, turudi kwa profesa mmoja? Hapana. Jicho la mjuzi linaona kweli, ila linapokuwa peke yake huona pia ukoo, lafudhi na ugomvi wa jana. Thamani ya vituo, kwangu, ni kwamba huleta macho mengi, kila moja mbele ya kazi tofauti.

Afrika Mashariki tunalihitaji hilo hasa. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Arusha, hufunza mabingwa ndani ya hospitali za nchi nyingi. Kijana aliyefunzwa katika hospitali ya misheni hana profesa maarufu wa kumsemea. Kipimo kimoja kwa wote ndicho kinachomlinda. Gharama yake nayo ni nzito: siku wapasuaji wanapotahini, wagonjwa wao husubiri.

Halafu kuna lisiloingia kituoni: damu inayofoka saa nane usiku, msaidizi mmoja na taa inayofifia. Mwaka 2017, Reznick akiwa mkuu wa kitivo cha afya, Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, kilihamishia mafunzo yake yote ya ubingwa kwenye mfumo wa kumtazama mwanafunzi kazini mara kwa mara. Naukubali mwelekeo huo. Lakini fomu nyingi zikijazwa kwa pamoja Ijumaa jioni, na mtu ambaye hata halikumbuki lile donda, jicho la mjuzi halipo tena pale.