Kabla ya kufupisha gia, lala kwanza chini ya gari

Bushi yenyewe, kile kipete cha mpira kinachokaa kwenye kiungo cha liva ya gia, ilikuwa ndogo kuliko sarafu ya shilingi 200. Fundi aliifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akaiweka kiganjani mwangu, akasubiri niitazame. Tundu lililotoka kiwandani likiwa duara lilikuwa limevutika mpaka likawa kama yai. Nilipoibinya kwa ukucha, ukingo wa mpira ulimeguka kama kashata iliyolala wiki nzima.

"Mwanangu, gia yako ni hii," aliniambia. "Hiyo liva uliyonunua haina kosa."

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeagiza liva fupi, ile vijana wa gereji wanayoiita shoti shifta, kwa ajili ya Subaru Impreza WRX yangu ya mwaka 2002 yenye gia 5. Shida yangu ilikuwa ya kweli. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili mkono ulisafiri kama nasonga ugali, na gari likiwa fri, yaani bila gia yoyote, liva iliyumba huku na huku bila kujua kwao ni wapi. Muuzaji alinihakikishia kwamba liva fupi itamaliza yote hayo. Gereji ikaifunga kwa saa mbili, nikalipa, nikaondoka. Kilometa za kwanza nilifurahi mno. Jioni hiyohiyo, kwenye foleni ya Ubungo, gia ya pili ikaanza kukwaruza, na mara mbili niliitafuta ya tatu nikajikuta kwenye ya tano.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao siuonei aibu kuusema mbele ya mpenzi yeyote wa magari: kwenye gari la gia, cha kwanza kutafuta ni uhakika wa mkono. Liva ikupeleke palepale ulipokusudia, kila siku, gari likiwa la moto au la baridi. Ufupi ni jambo la baadaye, na wengi wakishapata uhakika huo hawaukumbuki tena.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Liva ya gia ni wenzo, kama mtaimbo unaong'olea jiwe. Ina sehemu ndefu ya juu unayoishika, ina egemeo katikati, na ina mguu mfupi wa chini unaosukuma fimbo inayokwenda kwenye giaboksi. Tuseme juu ya egemeo kuna sentimita 24 na chini yake kuna 6. Hapo uwiano ni 4 kwa 1: fimbo ikihitaji kusogea sentimita 1.5 ili gia iingie, mkono wako utasogea 6. Mtengeneza liva fupi anachofanya kwa kawaida ni kupandisha egemeo au kurefusha ule mguu wa chini. Ukiufanya sentimita 8 na sehemu ya juu ikabaki 24, uwiano unakuwa 3 kwa 1, na mkono sasa unasogea sentimita 4.5 tu. Umepunguza robo nzima ya safari. Hiyo ndiyo raha inayouzwa.

Lakini wenzo hautoi kitu bure. Pale ulipokuwa unasukuma kwa nguvu ya kilo 3, sasa unahitaji kilo 4 kupata matokeo yaleyale kwenye fimbo. Hilo linavumilika, mkono unazoea. Lisilovumilika ni hili la bushi, na ndilo fundi alilonifundisha nikiwa nimelala mgongoni juu ya kipande cha boksi, vumbi likiniingia machoni.

Kwenye Subaru, liva haiingii moja kwa moja kwenye giaboksi. Giaboksi iko mbele ya mahali unapoweka mkono, na baina ya viwili hivyo kuna fimbo, kiungo, pini, na mkono mwingine wa kushikilia egemeo lisikimbie. Kila vinapokutana pana bushi, nyingine za mpira, nyingine za plastiki. Gari likishatembea miaka ishirini, joto la ekzosi likipita jirani, tope la masika na vumbi la kiangazi vikiingia, zile bushi zinakwisha. Yule fundi mzee aliniambia niingie ndani, niweke gia ya tatu, nisukume liva mbele na nyuma bila kuitoa. Kisha tukabadilishana nafasi. Nikiwa chini niliona kwa macho yangu: liva inakwenda, kiungo kinacheza, fimbo imetulia tuli. Nusu sentimita nzima ilipotea hapo kabla giaboksi haijapata habari yoyote.

Sasa rudi kwenye hesabu. Kama fimbo inahitaji kusogea sentimita 1.5 na nusu sentimita imeliwa na bushi, una uwongo unaolingana na theluthi ya safari hiyo. Kwa liva ya zamani uwongo huo uliusikia mkononi kama sentimita 2 za ulegevu. Kwa liva fupi unausikia kama 1.5, ukasema gia imekaza. Lakini safari nzima nayo imepungua kwa uwiano huohuo, kwa hiyo theluthi imebaki theluthi. Kilichobadilika ni kwamba njia za gia sasa zimekaribiana mkononi, na wewe unazilenga kwa kifaa kilekile kinachoyumba. Ndiyo maana nilikuwa naikuta ya tano nikitafuta ya tatu.

Na kuna mahali ambapo kosa la namna hii halisameheki. Fikiria uko spidi 110 kwenye gia ya tano, unataka kupangua kwenda ya nne. Kwa sisi ambao usukani uko kulia, mkono wa kushoto unairudisha liva nyuma huku ukiisogeza kidogo kushoto. Ikizidi kidogo tu, umeipita ya nne ukaangukia ya pili. Gia ya pili ya gari hili haivuki sana spidi 100. Ukiachia klachi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na ile kompyuta inayokata mafuta mizunguko ikizidi haina la kufanya, kwa sababu nguvu haitoki kwenye mafuta tena. Valvu zinaweza kugonga pistoni. Injini nzima inaweza kuondoka kwa ajili ya bushi mbili.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawaligusi ni sinkronaiza. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba zenye umbo la koni. Ukisukuma gia, pete inaikumbatia gia unayoitaka, msuguano unafanya kazi mpaka vitu viwili vilivyokuwa vinazunguka kwa spidi tofauti viwe na spidi moja, ndipo meno yanaruhusiwa kupita. Kazi hiyo inahitaji muda, hata kama ni kufumba na kufumbua. Liva fupi haiupunguzi muda huo hata chembe. Inafupisha safari ya mkono wako tu, halafu inakukuta una haraka, unasukuma kabla pete haijamaliza. Ule mkwaruzo niliousikia Ubungo ulikuwa pete ya gia ya pili ikiliwa. Gia ya pili ndiyo inayoteseka zaidi kwa magari ya mjini, maana kwenye foleni tunaiingiza na kuitoa kutwa nzima.

Mjomba wangu aliendesha malori ya Dar hadi Tunduma enzi za giaboksi zisizo na sinkronaiza. Alikuwa anakanyaga klachi, anatoa gia kwenda fri, anaachia, anagusa mafuta kidogo kuipandisha injini, anakanyaga tena, ndipo anaingiza. Liva yake ilikuwa ndefu kama bakora na safari yake ilikuwa ya kutoka paja hadi paja. Sijawahi kumsikia akikwaruza. Mkono wake ulikuwa unaijua saa ya giaboksi. Nikimkumbuka pale mlima Kitonga, lori limejaa saruji, anapangua moja baada ya nyingine bila kuitazama liva, naona wazi kwamba tunachokitafuta kwenye duka la mtandaoni kina upande mmoja ambao hauuzwi.

Siukatai utamu wa gia fupi. Waliowahi kushika liva ya Honda S2000 au Mazda MX-5 wanajua ninachosema: inaingia kwa mlio mdogo kama kitasa cha mlango mzuri. Ila magari hayo yamejengwa tofauti. Injini imelala kwa urefu mbele na giaboksi iko nyuma yake kama kwenye Subaru, lakini liva inasimama juu ya giaboksi yenyewe. Hakuna fimbo ndefu yenye viungo vya kuchoka. Magari mengi yanayovuta kwa magurudumu ya mbele nayo yanatumia nyaya, na huko unachotakiwa kukagua ni vishikizo vya ncha za nyaya. Kwa hiyo mtu akikuambia liva fupi ilibadilisha maisha yake, muulize kwanza anaendesha gari gani.

Nilichofanya mwishowe kilikuwa hiki. Tuliirudisha liva ya kiwandani. Tukabadilisha bushi zote za kwenye fimbo pamoja na ile kubwa ya nyuma inayoshikilia egemeo kwenye bodi, kwa gharama isiyofika robo ya bei ya liva fupi. Nilichagua za poliyurethini, ngumu kuliko mpira wa kawaida, zinazodumu na kunyima mchezo. Zipo za shaba na za alumini pia, na kwa gari la mashindano ni sawa. Kwa gari la kwenda kazini nazikataa: mtetemo wote wa giaboksi unapanda mkononi, na ukifika nyumbani masikio yanavuma.

Kisha tukamwaga oili ya giaboksi. Hapa naomba mtu asichukulie poa. Kwenye Subaru za aina hii giaboksi na difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, vinaoga oili moja, na kitabu cha gari kinataka oili ya daraja la GL-5 yenye mnato wa 75W-90, lita 3.5 hivi. Magari mengine yanataka GL-4, kwa sababu dawa zilizomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 hazipatani na shaba ya pete zao. Soma kitabu cha gari lako, usimsikilize mwenye duka anayekuambia zote ni sawa. Iliyotoka kwenye langu ilikuwa nyeusi, na kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kulikuwa na unga wa chuma laini kama wanja. Tukakagua pia kama klachi inaachia yote, maana klachi inayoburuza inaifanya gia yoyote ionekane mbaya, na raba zinazoshikilia giaboksi, ambazo zikilegea giaboksi yenyewe inahama unapokanyaga mafuta. Kabla ya kufunga, mzee alirudisha kwa uangalifu ule mpira mpana unaoziba tundu la liva chini ya konso, kile kisanduku cha katikati ya viti. Waliofunga liva fupi walikuwa wameuacha umekunjika upande mmoja. Kumbe harufu ya moshi niliyokuwa naisikia kwenye foleni ilikuwa inapanda pale.

Kitu kimoja cha ziada nilijiruhusu: kirungu kizito zaidi cha juu ya liva. Uzito unaisaidia liva kumalizia safari yake, mkono unaongoza tu. Nilichukua kilichofunikwa ngozi, kwa sababu chuma kitupu kikikaa kwenye jua la Dar saa saba mchana kinakubabua kiganja.

Upo wakati wa liva fupi. Kama bushi ni mpya, oili ni safi, sinkronaiza ni nzima, na unakimbia kwenye mashindano ambako gia hubadilishwa mamia ya mara, nunua. Hata STI, tawi la michezo la Subaru wenyewe, limewahi kuuza liva fupi zake. Ningekaa karibu na ile robo niliyoipiga hesabu hapo juu. Kupita hapo unaanza kulipa kwa shaba ya giaboksi.

Na shaba hiyo si rahisi kuipata tena. Impreza za gia za miaka ile, zilizotufanya tuipende Subaru baada ya Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns 2000, haziongezeki. Majirani zetu Kenya hawaruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia, kwa hiyo walizonazo ndizo hizohizo. Kwetu zinaingia, lakini kodi inapanda kwa umri, na giaboksi za mtumba pale mtaa wa Gerezani, Dar, nyingi zimeshafunguliwa na mtu mwingine kabla yako. Ninapoona kijana anailazimisha gia ya pili mbele ya wenzake naumia kama namwona anampiga punda aliyebeba.

Mwezi uliopita nilipita Kitonga nikienda Iringa, nyuma ya lori la makaa ya mawe lililokuwa linatambaa. Tatu, pili, tatu, pili, kona baada ya kona, kwa liva ileile ya kiwandani yenye safari yake ndefu. Kila mara iliingia pale nilipoituma, na nilipofika juu sikukumbuka kwamba nilikuwa nabadilisha gia.

Liva fupi iko kwenye boksi lake, kwenye kabati la vifaa. Kijana mmoja wa Tabata mwenye Forester ya gia ameniomba nimuuzie, ana fedha tayari. Nimemwambia Jumamosi aje na gari, alete jeki na stendi mbili, tuingie chini kwanza tuangalie bushi.