Siku 21 bila kupewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwezi uliopita nilikaa nyumbani siku 21, na jembe sikupewa. Nikinyanyuka kuosha vyombo naambiwa, "Kaa, kaka, umechoka na safari." Wiki ya tatu, bado nimechoka na safari! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwetu nimeshakuwa mgeni, tena mgeni wa heshima, ambaye ndiye wa mbali kuliko wote.

Nilistaafu miaka 6 iliyopita nikahamia ng'ambo, na hesabu zangu nilizipiga vizuri. Nilijua nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mkaazi wa kulipa kodi akikaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka. Nilijua pensheni nyingine hazisafiri vizuri: mstaafu wa Uingereza akihamia Kanada au Australia, pensheni yake ya serikali hubaki palepale, haipandi kila mwaka kama ya mwenzake aliyebaki; lakini akihamia Marekani, inapanda. Mmarekani naye akivuka mpaka, Medicare, bima aliyoichangia miaka yote ya kazi, kwa kawaida hailipii matibabu ya nje. Anayejiandaa ayasome haya mapema, na ayasome kwenye sheria zenyewe, asitegemee maneno ya wauza nyumba za ufukweni.

Hesabu ya mama ndiyo sikuipiga.

Kwenye simu mama hakohoi. Anacheka, anauliza kama huku kuna baridi, dakika 20 zimekwisha. Simu haikuonyeshi anavyoshika ukuta akitoka chumbani, wala anavyotulia kwanza kabla ya kuinuka kitini, kama mtu anayejipa moyo. Siku ya nne nilifungua droo nikitafuta kijiko, nikakuta vidonge vimepangwa kwa siku, kila kifuko kina mwandiko wa dada yangu: kipi cha asubuhi, kipi kisimezwe kabla ya kula. Dada mwenyewe hahitaji hata kusoma. Mimi, kifungua mimba, nilichojua ni kutuma pesa za kuvinunua.

Kutuma pesa si jambo dogo, sitaki kujidharau. Ila pesa humfanya mtu ajione yupo wakati hayupo.

Basi rudi, wanasema. Sirudi, na sioni haya kulisema. Huku daktari wangu ananijua, na jirani hunigongea mlango nisipoonekana siku mbili. Halafu wale ninaowakumbuka nyumbani hawapo tena: namkumbuka mama wa miaka 50, nawakumbuka wapwa wa kubebwa mgongoni, ambao leo wana ndevu. Nauli ya kuwafikia hao haiuzwi popote.

Ninachokipinga ni kauli tunayojifariji nayo sisi wastaafu wa ugenini: "Mambo yakiwa magumu nitarudi nyumbani." Yakiwa magumu maana yake nini? Maana yake miguu imegoma, macho yamefifia, bima imekataa. Yaani nimalize nguvu zangu huku, kisha nimpelekee dada mzigo wa pili, yule yule niliyemwachia wa kwanza peke yake. Na yeye naye atakuwa amezeeka. Hilo huwa hatulisemi kabisa.

Usiku wa kuamkia safari nilimwambia hivyo. Hakunibembeleza. "Kaka," alisema, "ukipiga simu unamuuliza mama tu. Mimi hujawahi kuniuliza."

Jumapili iliyopita nilimpigia yeye kwanza. Tuliongea saa nzima, na sehemu kubwa alilalamika: mgongo, kazi, wapwa wasiosikia. Kabla ya kukata akanitaka niipigie maabara Jumatano asubuhi niulizie majibu ya vipimo vya mama, kwa kuwa yeye atakuwa kazini. Nimeiandika saa hiyo kwenye karatasi, saa yao na saa yangu, nikaibandika kwenye mlango wa friji.