Bodaboda akilipua ekzosi, mimi nishalala chini

Juzi niko kwa mangi nanunua mkate, bodaboda mmoja akapita akalipua ekzosi, paa! mimi huyo nishachuchumaa nyuma ya friji la soda, mkate uko chini. Mangi akacheka, watoto wakacheka, na mimi nikacheka maana ungefanyaje, ila nimefika home ufunguo unagoma kuingia kwenye kitasa, mikono inatetemeka tu.

Watu wa huku kwetu wanaelewa. Jumatano usiku, 16 Februari 2011, ghala la mabomu la jeshi lililipuka Gongo la Mboto, hapa Dar, na wenzetu wa Mbagala walishayapata yao Aprili 2009, hata miaka miwili haijaisha. Nilikuwa fomu two. Tulitoka ndani peku, mama kambeba mdogo wangu, anga jekundu, vitu vinapita juu vinapiga miluzi, tukafuata umati tu bila kujua tunaelekea wapi. Kuna watoto walipotezana na wazazi wao usiku ule. Sisi tulirudi wote wazima, ndo maana miaka yote hiyo nilijiona sina haki ya kulalamika, ntaanzaje na kuna waliozika?

Sasa mtu anakwambia "si ishapita hiyo, sahau". Kaka, kichwani najua kabisa ile ni pikipiki, ila miguu ishaondoka! Shangazi yeye alisema nina jini, tukaenda kusomewa, na sikatai, dua ilinituliza sana, tatizo bodaboda hawakusomewa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukwepa. Mkesha wa mwaka mpya najifungia chooni na earphone masikioni, mara nikaacha harusi kisa zile fashifashi za kwenye keki, mara sipiti gereji wanapojaza upepo matairi, nikaja kushtuka naishiwa sehemu za kwenda. Siku hizi nafanya kinyume, ila polepole. Mkesha nakaa nje, maana mlio ninaouona unakotoka una nafuu kuliko unaonivamia niko ndani. Nikishtuka nakanyaga chini kwa nguvu, natoa pumzi taratibu, naanza kutaja vilivyo mbele yangu, ndoo, kamba ya nguo, mbuzi wa jirani. Inaonekana ujinga lakini inanirudisha. Na kama hulali wiki na wiki nenda hospitali bwana, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, sio lazima usubiri mpaka uanze kuokota makopo.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni kusema. Niliwaambia madogo wa jirani ukweli, kwamba anko wenu baruti zinamsumbua, msiache kupiga, niambieni tu kabla. Nilidhani watanifanya kichekesho cha mtaa. Mkesha uliopita, saa sita kasoro, mmoja akaja kugonga geti, "Anko tunawasha sasa hivi, uko tayari?"

Nikamwambia subiri kwanza nivae ndala.