Acheni majina, unganisheni uhasibu

Serikali ya Kenya inataka kuunganisha mashirika yake, nami naona inaanzia pabaya. Julai nilikuwa Nairobi, nikampeleka mama kwenye kituo kimoja cha serikali mjini, idara kadhaa ukumbi mmoja. Karani, kijana mpole tu, akamwambia, "Shosho, fotokopi ya kitambulisho." Mama akatoa. Kaunta ya pili, fotokopi nyingine. Ya tatu, nyingine tena, ikabidi nishuke barabarani kwa yule jamaa wa mashine. Kaunta zenyewe zimegusana mabega, ila kila moja ina faili zake, kompyuta zake na bosi wake.

Siwacheki. Huku Minnesota hatuna kitu kama Huduma Centre. Cheti cha ndoa utakifuata kaunti, leseni mara nyingi ofisi nyingine, ushuru kwingine kabisa. Mkenya amezoea ukumbi mmoja tangu kituo cha GPO, posta kuu ya Nairobi, kifunguliwe 2013, hajui wenzake wanavyozungushwa.

Kwetu Kenya mbele, kwenye kaunta, tumeunganisha. Nyuma, kwenye faili na kompyuta, ndiko bado. Huku ni kinyume. Bodi ya jimbo ninakofanya kazi ina watu saba. Mhasibu wa mishahara hatuna, afisa wa kuajiri hatuna: kuna kikosi cha jimbo kinachozifanyia bodi ndogo kazi hizo. Kompyuta nazo ziliwekwa chini ya ofisi moja, MNIT, kwa sheria ya 2011. Lakini bodi ina jina lake na mwenyekiti wake, na maamuzi ni yake.

Si peponi, jamani. Julai 2017 jimbo lilizindua mfumo mpya wa kusajili magari, mkono wa hao hao wa MNIT ukiwemo, ukayumba vibaya, watu wakangoja hati za magari mpaka wakachoka. Mwisho ukatupwa. Ukiweka mayai yote kwenye kapu moja, chunga anayelibeba.

Hata hivyo, niliposoma Januari 2025 kwamba Baraza la Mawaziri limeidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yawe 20, nilitikisa kichwa. Jopo la rais la 2013 nalo lilitaka mashirika yote yatoke 262 yabaki 187. Kufuta shirika ni kufuta kiti cha mkurugenzi, posho za vikao na nafasi ya mtu wa mtu. Tena mengi yana sheria yake, kwa hiyo lazima mrudi Bungeni. Nani atakubali kirahisi?

Basi waachieni majina yao. Mkurugenzi abaki na ofisi, na picha ya rais ukutani. Chukueni mishahara, uajiri, kompyuta, ununuzi na yale magari yanayolala yadini, vyote viendeshwe na ofisi moja kwa niaba ya wote. Anzeni na mashirika matano yaliyo jengo moja, tena anzeni na mishahara. Mkianza na tenda, mtapelekwa kortini kabla hamjafungua hata faili la kwanza.