Vidonge vya antioksidanti: je, nadharia ndiyo iliyokosea?

Mafuta ya kupikia yakikaa wazi juani, hayakawii kutoa harufu mbaya. Oksijeni imeshayaharibu. Radikali huru moja, yaani chembe isiyotulia kwa kuwa ina elektroni isiyo na mwenzi, huinyang'anya molekuli ya mafuta atomu ya haidrojeni, nayo iliyonyang'anywa humgeukia jirani yake, hivyo hivyo mpaka kitokee cha kuukata mnyororo. Vitamini E huukata kwa kutoa haidrojeni yake yenyewe; kitu cha namna hiyo ndicho kiitwacho antioksidanti. Na kwa kuwa utando wa kila seli yetu umejengwa kwa mafuta, ni rahisi kuelewa kwa nini wazo la mwanasayansi Mmarekani Denham Harman la mwaka 1956, kwamba radikali huru ndizo zinazotuzeesha, liliwafanya wengi waamini kidonge kingetukinga. Halikuwa wazo la kijinga. Hata kolesteroli ya LDL, ile iitwayo "mbaya", ikishaoksidishwa (ikishaharibiwa na oksijeni), humezwa na seli za kinga ndani ya mishipa na kuanza kuiziba.

Kisha watu wakapimwa. Huko Finland wanaume wavuta sigara 29,133 walishiriki jaribio, baadhi yao wakimeza kila siku miligramu 20 za beta-karotini, antioksidanti inayopatikana kwenye karoti. Matokeo ya mwaka 1994 yalishtua: saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 18 kwa waliomeza beta-karotini. Jaribio la CARET nchini Marekani lilisitishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2011 zamu ikawa ya vitamini E: katika jaribio la SELECT, waliopewa vitamini hiyo peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Wapo wanaosema hapo nadharia nzima imezikwa. Sikubaliani nao. Watu wa Finland waliandikishwa kwa umri na sigara, si kwa kiasi cha mafuta yaliyooksidishwa miilini mwao. Tena mwili wenyewe huzihitaji radikali: chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia bakteria.

Na pale ugonjwa ulipochaguliwa vizuri, dawa ilionekana kufanya kazi. Mwaka 2010, wagonjwa wa ini lililojaa mafuta na kuvimba, wasio na kisukari, walitibiwa kwa vitamini E. Asilimia 43 walipata nafuu, dhidi ya 19 ya wasioipata. Miaka miwili baadaye kifo cha seli kinachotokana na madini ya chuma na uoksidishaji wa mafuta kikapewa jina, ferroptosi. Hapo ndipo napata shida na neno "kinga": kwenye figo tungependa kukizuia kifo hicho, kwenye uvimbe wa saratani tungependa kukichochea. Antioksidanti ile ile inaweza kumlinda mgonjwa au kuulinda uvimbe wake.

Ndiyo maana chupa inayouzwa kwa kila mtu, kwa kila maradhi, inanikera. Watafiti wa macho walioonyesha mwaka 2001 kwamba mchanganyiko wa vitamini na zinki hupunguza kasi ya ugonjwa wa wazee wa retina, utando wa nyuma ya jicho, mwaka 2013 walishauri beta-karotini iondolewe na luteini na zeaksanthini, rangi za njano za mimea, zichukue nafasi yake, kwa ajili ya wavuta sigara na walioacha. Anayevuta, au aliyewahi kuvuta, asome lebo kabla ya kulipa.